Mwongozo wa Tamasha, Sura ya Kwanza: Mvua

Jumatatu, 18 Novemba

Kitabu kimekamilika! Kichwani. Kwenye karatasi bado kidogo.

Wazo lilinijia siku ile Kamnan Bunlue, mkuu wa kata yetu, alipotangaza kwamba tamasha la muziki litafanyika uwanja wa nyuma ya hekalu. Jumamosi na Jumapili hii. Bendi kutoka Bangkok. Watu wengi kuliko uwanja wenyewe. Na hapa Nong Takhian hakuna hata mmoja aliyewahi kwenda tamasha. Mkeka utandikwe mbele ya spika au nyuma? Hawajui. Ukienda chooni, nafasi yako analinda nani? Hawajui. Ukianza kucheza na mkwe wako yuko mstari wa pili? Hawajui hata kwamba ni tatizo. Watu wako gizani, na taa ninayo mimi. Mwongozo wa Mgeni wa Tamasha. Mtungaji ni Yong, mwenye duka la fotokopi mkabala na shule ya sekondari.

Mimi mwenyewe sijawahi kwenda tamasha. Si kitu. Mkunga wa kiume kwani amewahi kuzaa? Nimeangalia video nyingi sana.

Sura ya kwanza inaitwa Mvua. Hapa ndipo penye akili. Goti la kushoto la Mama linauma tangu Ijumaa, upande wa ndani, na goti hilo halijawahi kumdanganya mtu. Sura inaanza hivi: "Itanyesha. Usidanganywe na jua." Msomaji anatetemeka. Anafungua ukurasa wa mwisho, anakuta koti la mvua la plastiki limekunjwa ndani ya bahasha! Kitabu na koti, bei moja. Nimeuza mashine yangu ya pili ya fotokopi, nimenunua makoti mia nne kwa jumla kule Korat. Mama aliniuliza kama niliyapima. Nikamwambia koti la mvua ni koti la mvua.

Anayesahihisha ni Mwalimu Rampai, wa lugha, sekondari. Ana kalamu nyekundu. Amekata nusu ya dibaji. Anakata vizuri mno. Ana miaka thelathini na tisa, hajaolewa, na akicheka hufunika mdomo kwa daftari la mwanafunzi yeyote aliye karibu. Kitabu kikiisha kuuzwa nitakwenda kwa mama yake na nitasema ninalotaka kusema. Kabla ya hapo, hapana. Mwanamume wa umri wangu mwenye fotokopi tu hana neno sebuleni kwa watu. Mwenye kitabu analo.

Kero moja. Decha. Mpwa wa Kamnan, muuza barafu, na ndiye mwenye ufunguo wa kipaza sauti cha soko. Leo ametangaza kwamba ametengeneza ramani ya tamasha, na ni ya bure. Ya bure! Ukurasa mmoja! Nimeiona. Choo amekichora juu ya jukwaa.

Jumanne, 19 Novemba

Siku mbaya.

Mkutano kwenye ukumbi wa hekalu. Ajenda: mchaichai. Mawingu yameanza kujikusanya upande wa milimani, na bendi za Bangkok zimesema hazipigi gitaa la umeme kwenye maji. Kwa hiyo lazima mchaichai upandwe kichwa chini, majani udongoni, mizizi ikiangalia mbinguni, kama walivyofanya babu zetu kila penye shughuli ya nje. Ukipandwa hivyo, mvua inarudi ilikotoka. Sharti ni moja. Apande mwanamke ambaye hajaguswa na mwanamume. Mvua isiponyesha, anapewa shukrani. Ikinyesha, hakuna haja ya kuuliza kwa nini. Mji mzima unajua.

Kamnan aliomba mtu ajitolee. Kina mama wakaanza kueleza, mmoja mmoja. Binti wa huyu ana mtihani. Binti wa yule ana mzio wa udongo. Wa tatu alisema binti yake yuko tayari kabisa, ila Jumamosi ana safari, na binti akashangaa kusikia ana safari. Nilicheka mpaka machozi. Nilikuwa na furaha, sikujua kinachokuja.

Decha akashika kipaza sauti. Akasema mbona tunajisumbua na watoto, wakati tuna mtu mzima, mwenye heshima zake, miaka thelathini na tisa, hajaolewa, mwalimu wa watoto wetu. Watu wakageuka. Mwalimu Rampai alikuwa amekaa karibu na nguzo. Uso wake ulikuwa mtupu kama ubao uliofutwa.

Sasa atasema nini? Akikataa, amejibu. Akikubali, amejiweka mikononi mwa mawingu. Akasimama, akasema, "Sawa, Kamnan. Nitapanda."

Nikapiga makofi. Mimi! Wa kwanza, na kwa nguvu kuliko wote! Mikono ilitangulia akili. Ni nusu ya njia kurudi nyumbani ndipo hesabu iliponiingia. Ikinyesha, makoti yanakwisha na Rampai anachafuka. Isiponyesha, Rampai anasafika na mimi nabaki na makoti mia nne na sura ya kwanza ya uongo.

Nimekwenda kumuuliza Mama goti likoje. Linauma zaidi.

Jumatano, 20 Novemba

Amekuja dukani na muswada. Wanafunzi walikuwa wamejaa wakinakili mitihani ya mwaka jana. Walipomwona walinyamaza, kisha wakaanza kuchekea chini chini. Aliwasubiri waondoke wote.

Aliniuliza goti la Mama ni la kuaminika kiasi gani. Nikamweleza habari za mafuriko yale, habari za harusi ya binamu, habari za mazishi ambapo wote walikuja na miavuli kwa ajili ya goti lile moja. Nilieleza kwa fahari. Nilipomaliza alikuwa ameshika meza.

Akaniomba niiondoe sura ya kwanza. Alisema watu watanunua kitabu, watasoma kwamba itanyesha, watakaa wakisubiri inyeshe, na watakuwa wananitazama mimi kisha wanamtazama yeye. Nikamwambia nakala zimeshatoka, zimeshapigwa stepla. Ni kweli. Sehemu kubwa.

Akasema, "Kaka Yong, nilikaa Bangkok miaka sita. Nilikuwa kijana. Hakuna mtu hapa anajua maisha yangu ya kule, na sitaki mvua iwasimulie."

Nikamwambia asiogope, Bangkok ni mji wenye mambo mengi ya kuelimisha, na mvua ya huku haina uhusiano na ya kule. Alifunga muswada, akanitazama. Sikuelewa kwa nini. Kisha akasema ikinyesha, Jumatatu hataweza kusimama mbele ya darasa, ataomba uhamisho, atakwenda mkoa wowote watakaompa. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja ratiba ya basi.

Akaondoka. Ameacha kalamu nyekundu mezani.

Ataondoka Nong Takhian! Na dibaji yangu ya toleo la pili atakata nani? Sikula jioni. Kachumbari ya papai bichi ilikuwepo, na wali wa kunata, na sikula. Mama alisema hiyo ni mara ya kwanza tangu nizaliwe.

Alhamisi, 21 Novemba

Makoti yamefika. Nimefungua boksi la kwanza.

Ni ya watoto!

Ya njano. Kofia yake ina macho mawili na mdomo wa bata. Nimelivaa, limenifika kwenye kitovu, mikono imeishia viwikoni. Nimefungua maboksi yote. Mabata matupu. Mama aliingia, akaona, akatoka, nikamsikia anacheka jikoni hadi sufuria zinagongana. Nimeula wa chuya. Lakini nimefikiria tena. Mtu akilowa, haulizi koti lina mdomo au halina. Nimeongeza sentensi kwenye ukurasa wa mwisho: "Katika matamasha makubwa duniani, mavazi ya kuchekesha ni heshima."

Habari mbaya zaidi ni sokoni. Watu wanawekeana dau. Muuza kuku wa kuchoma anasema itanyesha, mwenye duka la dawa anasema hainyeshi, na wote wawili hawaongei habari ya mawingu. Wanatazamana, wanainua nyusi. Decha ametangaza hali ya hewa kwa kipaza sauti mara nyingi leo. Kila anapomaliza anasema, "Tumwamini mwalimu wetu," halafu anaacha kimya kirefu kidogo. Nilitamani kumpiga kwa barafu yake mwenyewe.

Wanafunzi wametunga wimbo. Sitauandika hapa. Vina vyake vilikuwa sawa kabisa, yeye ndiye aliyewafundisha.

Nilimwambia Mama mambo yote, makoti na Rampai na dau. Alikuwa anapaka goti mafuta ya karafuu. Alisikiliza, akasema, "Ikinyesha utauza makoti. Halafu utamuoa nani?" Nikamwambia asiingilie biashara. Akasema hiyo aliyouliza si biashara. Wazee wana tabia ya kumpotezea mtu mwelekeo wakati anafikiri.

Nimekwenda dirishani kutazama juu. Mbingu ni za kijivu.

Ijumaa, 22 Novemba

Amepanda leo asubuhi. Mji mzima ulikuwepo. Alivaa blauzi nyeupe na sketi ya kufuma ya mama yake. Kona ya uwanja, kushoto kwa jukwaa. Kamnan aliwasha ubani. Rampai akapiga magoti, akachimba kwa mkono, akazika majani, akaisimamisha mizizi juu. Ikamwanguka, akaisimamisha tena. Nilisimama mbali lakini niliona, na najua na wengine waliona, kwa sababu walinong'ona. Alipoinuka alikuwa na udongo magotini na hakuupangusa.

Kamnan akaapa mbele ya watu kwamba mchaichai utalindwa mchana na usiku, asije mbuzi au mlevi akauharibu. Mlinzi: Decha. Decha akaweka kiti pembeni, akakaa kama mfalme.

Na hapo hapo, nikiwa nimesimama kwenye umati, wazo likanijia! Mbuzi au mlevi!

Mchaichai ukipinduliwa, mizizi ikarudi chini na majani juu kama mchaichai mwingine wowote, kinga imekufa. Mvua itashuka kwa raha zake. Kesho yake watu watakwenda kuangalia, watakuta umepinduliwa, watasema kumbe! Aliupindua mbuzi! Mwalimu hana kosa! Mvua kwangu, heshima kwake. Makoti yanakwisha, dau linavunjika, Rampai anabaki, mimi naenda kwa mama yake na kitabu mkononi. Sijawahi kuwa na wazo zuri kama hili. Nilitaka kumwambia mtu.

Sasa ni lini? Decha hatoki kwenye kile kiti. Usiku wanawasha taa za jukwaa na mafundi wanazunguka. Nimefikiria mpaka kichwa kikauma, kisha nikapata. Kesho saa kumi na mbili jioni! Wimbo wa taifa! Kila siku saa hiyo mji unasimama, mwenye baiskeli anashuka, muuza matango anaacha kisu, na wote wanaigeukia bendera. Bendera iko upande wa hekalu. Mchaichai uko nyuma yao. Hakuna atakayesogea, hakuna atakayegeuka. Nitakuwa mtu pekee anayetembea katika mji mzima.

Nimelifanyia mazoezi bustanini kwa Mama, kwenye mchaichai wake wa supu. Kung'oa, kugeuza, kuzika. Naweza kumaliza kabla ya ubeti wa mwisho. Mama ameuliza nafanya nini. Nimesema utafiti.

Jumamosi, 23 Novemba

Siku ya tamasha. Naandika kwa penseli, kalamu zimelowa.

Niamke nikute nini? Jua! Jua la kuchoma utosi, mbingu ya buluu, hata doa moja la wingu hakuna. Na goti la Mama limepona. Kabisa. Amepanda ngazi za hekalu bila kushika ukuta. Nilimwuliza anawezaje kunifanyia hivi.

Nimekaa langoni tangu asubuhi na vitabu mezani. Watu walifungua, wakasoma "Itanyesha," wakatazama juu, wakanitazama. Wengine walivuta bahasha, wakatoa bata, wakaita wenzao. Nimeuza nakala chache sana, na mmoja aliyenunua aling'oa kurasa akakalia. Decha alipita na gunia tupu la barafu kichwani kujikinga na jua, akaniambia, "Kaka, una kitabu cha mafuta ya kujipaka?"

Rampai alipita pia. Alitabasamu! Jua lilikuwa linamfaa. Watu walikuwa wanamsalimia kwa heshima, viganja viwili vimekutanishwa kifuani, mwenye duka la dawa alimpa soda. Nilipaswa kuishia hapo. Mtu mwingine angeishia hapo. Ila nilitazama yale maboksi, nikasema akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu zinaniambia niendelee. Mpango haukuwa na kosa. Mvua ikija, hata sasa, yeye bado anasafishwa na mbuzi.

Saa kumi na mbili kasoro kidogo nilikuwa kwenye kona. Bahati! Kiti cha Decha kitupu. Alikuwa kwenye kibanda chake anauza barafu, foleni ndefu, joto lile. Spika zikakoroma. Wimbo ukaanza. Watu wote wakasimama, wakaigeukia bendera. Nikainama, nikashika, nikang'oa!

Na mwili ukagoma.

Sijui nieleze vipi. Nina miaka arobaini na tatu. Tangu chekechea, ukianza wimbo huo, nasimama. Nikiwa chooni nasimama. Miguu haikuniuliza. Nilisimama wima, mgongo umenyooka, na mchaichai mkononi, udongo unadondoka kwenye kiatu. Nikajiambia songa. Hakuna kilichosonga. Nikajiambia angalau uuachie. Vidole vilibana zaidi.

Kingine sikukijua. Kamnan mwaka huu aliongeza bendera mpya, kubwa, kwa ajili ya wageni wa Bangkok. Aliitundika juu ya jukwaa. Kushoto. Juu ya kichwa changu.

Uwanja mzima ulikuwa unanitazama. Kimya, wima, macho mbele, heshima tele. Kamnan mstari wa mbele, mdomo wazi. Mama. Decha na jiwe la barafu linayeyuka mkononi. Wanafunzi wote wa sekondari. Na Rampai, hatua chache tu kutoka nilipo. Hakuna aliyeweza kusogea, hakuna aliyeweza kusema neno, na wimbo ule haujawahi kuwa mrefu namna ile. Jasho liliingia machoni, nikalinyima hata kope.

Hatimaye wimbo ukaisha. Kisha Decha akafika kwenye kipaza sauti cha jukwaa akauliza kama nyumbani kwetu supu imekosa kiungo. Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Kamnan alikuja mbio, akaunyakua mchaichai, akajaribu kuuchomeka tena. Wazee wakamwambia uliong'olewa haurudi, umeshakufa. Nikamtafuta Rampai kwa macho. Alikuwa amefunika mdomo kwa viganja vyote viwili. Nadhani ni kwa mshtuko.

Bendi ya pili ilikuwa jukwaani upepo ulipogeuka. Tone. Tone. Halafu ikamwagika kama pipa lililopinduliwa. Magitaa yakazimwa. Watu wakakimbia na mikeka vichwani. Nami nilikuwa mezani, tayari, makoti mia nne, nikaita mpaka sauti ikakatika. Hakuna aliyenunua! Walipita mbele yangu wamelowa chapachapa, wakanitazama, wakaenda kulowa zaidi. Muuza kuku alisema hawezi kununua koti kwa mtu aliyeleta mvua. Mtu mmoja alilirudisha lile alilokuwa amenunua mchana.

Jumapili, 24 Novemba

Nimeitwa ukumbini asubuhi. Bado inanyesha. Kamnan mezani, Decha kulia kwake, wazee kwenye mkeka. Rampai ameketi karibu na mlango, ameitwa pia.

Nilidhani nitatukanwa. Kamnan alinimiminia chai! Akaniita mdogo wangu. Akasema usiku hakulala, amefikiri, na ameona huenda sote tulikosea. Huenda mchaichai niliokuwa nimeshika si ule. Mama yangu ana mchaichai bustanini, sivyo? Huenda niliokota wa kwetu, nikasimama nao tu pale, kwa bahati mbaya. Na ule wa mwalimu ulikuwa bado ardhini mpaka mvua ilipoanza.

Nilichelewa kidogo kuelewa. Kisha nikaona Decha anatazama chai yake. Aliyeapa mchaichai utalindwa ni Kamnan. Aliyekuwa anauza barafu badala ya kulinda ni mpwa wake. Kama niliung'oa mimi, wao ndio walioniachia. Kama sikuung'oa, mvua ni ya mwalimu.

Kamnan akaendelea kwa upole. Nikisema hivyo, leo meza yangu itawekwa chini ya jukwaa, pakavu, na Decha atatangaza kitabu changu kwa kipaza sauti, sura kwa sura. Tamasha linaendelea, watu wamelowa, wanataka makoti. Nisiposema hivyo, nisionekane uwanjani, na makoti yatagawiwa bure kufidia hasara. Akasema, "Ni neno moja tu, Yong. Ulishika wa bustanini."

Neno moja! Makoti yote! Kitabu kusomwa kwa spika! Nilianza kufungua mdomo, nakiri hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma, na neno bustani lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikageuka mlangoni. Sijui kwa nini niligeuka. Rampai hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake, mikono imefumbatwa magotini, kama mtoto anayesubiri jina lake liitwe kwa ajili ya fimbo. Alikuwa ameshajua nitasema nini. Hakuwa na hasira hata. Hilo ndilo lililoniuma.

Nikasema, "Niling'oa mimi, kwa mkono huu. Ulikuwa umesimama sawasawa na ardhi chini yake ilikuwa kavu. Na kiti cha mlinzi kilikuwa kitupu."

Hakuna aliyekunywa chai tena.

Nimefukuzwa uwanjani. Makoti yamebebwa kwa gari la barafu la Decha. Nilipanda kwenye ghorofa ya duka nikachungulia kupitia pazia la mvua. Uwanja mzima wa njano! Wazee, vijana, bendi nzima ya Bangkok, Kamnan mwenyewe, wote na midomo ya bata, makoti yamewafika kwenye vitovu, wanacheza kwenye matope. Walionekana wana furaha sana. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na kitabu.

Kosa kubwa kuliko yote maishani mwangu. Mdomo uliponyoka. Nilikuwa na njaa, na chai tupu hulewesha. Halitarudiwa.

Jumatano, 27 Novemba

Mambo yametulia. Sokoni wananiita Ndugu Mchaichai. Dau limevunjwa, kila mtu karudishiwa chake. Wanafunzi wamebadilisha wimbo, sasa unanihusu mimi, vina bado ni vizuri. Mwalimu Rampai yuko darasani kama kawaida, na watu wanamsalimia kwa heshima kupita kiasi, wanajisuta.

Anakuja hapa kila siku. Sielewi ana shida gani. Juzi alileta matopetope kwa Mama. Jana alileta tena, na yale ya juzi hayajaisha. Leo amerudisha kitabu changu kilichochapishwa, amekisahihisha chote, hata ukurasa wa makoti. Nikamwambia umechelewa, kimeshakufa. Akasema anajua, alitaka tu kukisoma. Kisha akaniuliza niliung'oa kwa ajili yake au kwa ajili ya makoti. Nikamwambia ukweli, nusu kwa nusu, ila makoti yalitangulia. Nilitegemea akasirike. Alichukua daftari la mwanafunzi lililokuwa kwenye mashine akafunika mdomo.

Amesema Jumamosi hana vipindi, na anapenda kwenda hekalu la mlimani, ila peke yake hapendi. Nimempa namba ya mtu mwenye pikipiki. Akasema mama yake anauliza kama nakula samaki wa kuchachushwa. Nikasema nakula. Mama yangu, aliyekuwa anamenya vitunguu, amenitazama kana kwamba mimi ndiye kitunguu.

Lakini sina muda wa mazungumzo. Nimepata wazo! Kosa la kitabu cha kwanza lilikuwa somo lenyewe. Tamasha linakuja mara moja kwa mwaka. Watu wanaoana kila wiki! Mwongozo wa Mchumba wa Mara ya Kwanza. Ndani ya kila nakala, sinia dogo la posa. Nimeshaagiza masinia mia nne kutoka Korat. Mama ameuliza kama nimeyapima. Nikamwambia sinia ni sinia. Kikiisha kuuzwa hiki, ndipo nitakwenda kwa mama yake Rampai nikiwa na la kusema.

Nimeanza leo. Sura ya kwanza: Dalili za Kujua Kwamba Mwanamke Anakutaka. Nimekwama hapo tangu mchana. Mifano haipatikani katika mji huu. Rampai amesimama mlangoni kitambo sasa, ameuliza kama nahitaji msaada wowote. Nimemwomba asogee kidogo, ananizibia mwanga.